Nguzo Mbili za Jengo la Matundu

3 Februari

Mdogo wangu Rula,

Mguu wa kushoto umeanza kunitii. Daktari aliniambia niutembeze nusu saa kila asubuhi. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na moja, najua wagonjwa wanavyodanganya kuhusu mazoezi, kwa hiyo nimeshindwa kujidanganya mwenyewe. Natembea. Ila natembea kama kinyonga, na ukitembea kama kinyonga katika mji huu unaona vitu ambavyo wenye haraka zao hawavioni.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la tano, unazunguka na rula yako ya mbao ukipima kila kizingiti, mpaka mtaa mzima ukakubatiza jina? Ulikuwa ukiniambia, "Dada, watu macho yao yanaishia kwenye mabango ya maduka. Inua macho." Imenichukua miaka ishirini na saba na kiharusi kimoja kukusikiliza.

Basi nimeinua. Juu ya duka la viatu kuna mwaka uliofinyangwa kwa saruji, na fundi aligeuza tarakimu ya mwisho ikatazama nyuma. Hakuna aliyemwambia, au walimwambia akasema tayari imekauka. Ngazi za posta ya zamani zimelika upande mmoja tu, ule wenye kishikio. Nilidhani ni uzee wa jengo, kumbe ni uzee wa watu waliokuwa wakishuka wamejishikilia. Siku hizi nami nashuka upande huohuo.

Ninalolipenda zaidi ni Jengo la Matundu, lile la ghorofa tatu karibu na mzunguko, ambalo ukuta wake wa mbele ni matofali yenye matundu. Saa mbili asubuhi jua linapenya na kumwaga vidoa vya mwanga kwenye ukumbi wote wa juu. Sasa nikuulize wewe mtaalamu. Chini, upande wa duka la dawa, nimehesabu nguzo tano. Upande wa duka la samani ziko tatu, na katikati kuna kioo kipana kama ukuta. Juu pande zote mbili ni sawa kwa sawa. Zile nguzo mbili zilikwenda wapi?

Nakuandikia kwa sababu kambi yenu ya ujenzi wa daraja haina mtandao, na pia kwa sababu hata ukiupata, kwenye simu unasema "niko salama" halafu laini inakatika. Sijui kama inakatika au inakatwa.

Dada yako


19 Februari

Dada,

Lori la saruji lilileta barua yako pamoja na misumari na betri. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Nimefurahi kwamba mguu unatii. Wewe hata mguu wako hauwezi kukukatalia kwa muda mrefu.

Kwa kuwa umeanza kuona, nikupe kitu cha kutafuta. Pita chini ya dirisha la nyumba yoyote ya zamani iliyojengwa vizuri, kisha angalia upande wa chini wa kizingiti kinachotokeza nje. Utakuta mfereji mwembamba, upana wa kidole. Kazi yake ni moja tu: tone la mvua likitambaa kuelekea ukutani, likifika hapo linashindwa kuvuka, linadondoka. Nyumba nyingi za siku hizi hazina, ndiyo maana kuta zake zinalia machozi meusi. Fundi aliyeweka mfereji ule alijua hakuna atakayeinama kuuona.

Huku daraja linakwenda. Tumemwaga zege la nguzo ya nne ya mtoni. Mpishi wetu anapika chai nzito kiasi kwamba mafundi wanasema tungeweza kuitumia kwenye msingi.

Kuhusu Matundu, ni jengo la kawaida tu. Wachoraji wa majengo wana mambo yao. Njia ya sokoni ina kivuli zaidi kwa mtu anayetembea taratibu. Pita huko.

Mdogo wako


8 Machi

Rula,

Mifereji nimeiona. Nimeinama chini ya madirisha ya watu mpaka mlinzi mmoja akaniuliza kama nimeangusha kitu. Ahsante.

Njia ya sokoni sikupita. Nilikuwa nimesimama mbele ya Matundu, fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza akaniita kutoka juu: "Shangazi, umepotea au unatununua?"

Nikamwambia nahesabu nguzo.

"Basi panda," akasema, "uhesabu na matatizo yangu."

Chumba chake kiko moja kwa moja juu ya duka la samani. Ni mwanamke wa makamo, ana mdomo, na ana mkono wa ajabu. Alikuwa anashona tundu la kifungo huku ananitazama mimi usoni, na sindano haikukosea. Aliniambia mlango wake ameupiga randa mara mbili tangu mwaka jana kwa sababu unakwama. Akaweka kibiringo cha uzi sakafuni, akakiachia. Kikajiviringisha chenyewe kuelekea barabarani, polepole, kama kinaitwa. Wateja wake wanacheka. Juu ya dirisha kuna ufa unaopanda kama ngazi, tofali kwa tofali. Mwenye jengo alikuja akatazama, akasema ni mvua.

Nimeuguza watu wengi walioambiwa ni uchovu tu. Ndiyo maana nakuuliza tena.

Na jingine, kwa kuwa nimeshika kalamu. Ni miaka sita sasa tangu tumzike mama bila wewe. Alipokuwa mgonjwa ukakataa kuja, nilikuambia kwenye simu kwamba basi usikanyage tena mji huu. Nilikuwa sijalala siku nne. Kama neno hilo ndilo linalokuzuia, nalifuta leo kwa mkono wangu. Njoo.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Naandika haraka, lori linaondoka.

Mlango umepigwa randa juu au chini? Na upande wa bawaba au wa kitasa? Ufa una upana gani: kucha inaingia, au ncha ya kidole? Kioo cha duka kina mstari wowote kwenye pembe?

Chukua karatasi nyembamba, mbandikie mama huyo juu ya ufa kwa gundi, pande zote mbili, ikaze. Andika tarehe. Ikichanika, niandikie siku hiyohiyo.

Usisimame chini ya kioo. Usikae sana chumbani kwake.

Rula


2 Aprili

Mhandisi,

Mlango umepigwa randa juu, upande wa kitasa. Kucha ilikuwa inaingia ufani tulipobandika karatasi. Siku ya tisa karatasi ilichanika, na sasa inaingia ncha ya kidole changu kidogo. Kioo kina mstari kwenye pembe ya juu kushoto. Wameubandikia tangazo la makochi.

Hukuuliza mwanamke huyo ni nani, wala wanaishi wangapi. Nikuambie. Ni familia kumi na nne.

Nilikwenda na karatasi iliyochanika ofisi ya majengo. Afisa alinisikiliza kwa heshima, akanipa kiti, kisha akasema jengo lilikaguliwa lilipofanyiwa marekebisho miaka tisa iliyopita na mhandisi akathibitisha kwa saini yake kwamba liko salama. "Na wewe, mama, ni mhandisi?" Nikasema mimi ni muuguzi mstaafu. Akatabasamu.

Nikaomba kuona faili. Karani wa masijala alikuwa mgonjwa wangu zamani. Alinifungulia.

Sitakuandikia nilichokiona. Wewe ndiye utakayeniandikia.

Dada yako, bado


10 Aprili

Dada,

Umeiona saini yangu. Nilijua utaitambua, wewe ndiye uliyenifundisha kuandika jina langu.

Mwenye jengo alitaka kioo kipana ili makochi yaonekane kutoka barabarani. Nguzo mbili zilikuwa zinamzuia. Inawezekana kuondoa nguzo, watu wanafanya, mradi uweke bimu ya chuma ya kubeba kilicho juu. Nilipiga hesabu, nikachora bimu. Jumamosi nilipofika kukagua nilikuta wameweka nyingine, nyembamba, karibu nusu ya kina nilichoandika. Niliipima. Nilikuwa nayo tepu mkononi.

Nikasema hii siyo. Mwenye jengo akaja, akanishika bega mbele ya mafundi wote, akasema, "Mwanangu huyu ndiye mhandisi bora mji huu, tusimsumbue na vitu vidogo." Mafundi wakacheka kwa heshima. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na hakuna mtu aliyewahi kuniita bora mbele za watu. Nikajiambia nitarudi Jumatatu niwalazimishe waitoe. Jumatatu walikuwa wameshapiga plasta na kupaka rangi. Karatasi ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Nikasaini.

Sikupewa kitu, Dada. Ningepewa, ningekuwa na cha kusingizia.

Wiki sita baadaye nilichukua kazi ya kwanza iliyonipeleka mbali, na nimekuwa nikichukua za mbali tangu hapo. Neno lako la kwenye simu halikunizuia. Kutoka stendi kuja nyumbani lazima upite mzunguko. Siku ya mazishi ya mama nilifika, nilishuka pale stendi. Nilitembea mpaka nikaona matundu yale kwa mbali, na nguo zimeanikwa ghorofa ya kwanza. Nikarudi nikapanda basi la kwanza lililokuwa linaondoka. Umejilaumu miaka sita kwa kosa langu, na mimi nilikuacha ujilaumu kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu.

Ndani ya bahasha kuna barua mbili zenye maneno yaleyale. Nimeandika kwamba saini yangu ilikuwa ya uongo, bimu ni pungufu, na watu watoke sasa. Moja peleka ofisi ya majengo. Nyingine wasomee watu wenyewe. Usingoje ya kwanza ijibiwe ndipo usome ya pili.

Rula


24 Aprili

Rula,

Nitakueleza kwa mpangilio, kama ripoti ya zamu, maana nikianza kwa namna nyingine sitamaliza.

Barua zako zilinifikia Ijumaa. Ofisi ya majengo walipiga muhuri wa kupokea, wakasema itaingia kikao cha mwezi ujao. Jioni ileile wakazi walikusanyika ukumbini ghorofa ya kwanza. Fundi cherehani aliisoma barua ya pili kwa sauti. Alipofika kwenye jina lako akanitazama. Nikasema, "Ndiyo, ni mdogo wangu." Akaendelea kusoma.

Kijana mmoja wa ghorofa ya tatu akauliza, "Sasa tumwamini lipi, la miaka tisa iliyopita au la leo?" Fundi cherehani ndiye aliyejibu: "Mimi naamini kibiringo changu."

Msimamizi wa jengo alikuja Jumamosi akawaambia mhandisi amerukwa na akili huko porini. Familia tatu zikamwamini. Jumatatu mimi na fundi tulipanda tena mlango kwa mlango. Nilipanda ngazi zile kwa makalio pale mguu ulipogoma. Mpaka Jumatano jioni zilikuwa zimetoka zote kumi na nne, nyingine kwa ndugu, nyingine kwenye ukumbi wa shule.

Fundi alikuwa ametoa cherehani yake mapema. Alhamisi saa nne asubuhi alirudi. Nilimkuta mlangoni, nikamwambia asipande. Akasema, "Shangazi, nguo si zangu, ni za watu. Dakika tano." Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara. Kioo kililia kwanza, wauza samani wakakimbia nje. Kisha sakafu ya ghorofa ya kwanza ikashuka upande ule wote, bila haraka, kama mtu anayekaa kitini. Za juu zikaifuata. Upande wa nguzo tano umebaki umesimama.

Walimtoa baada ya saa mbili. Mkono wa kulia ulikuwa umebanwa. Nilitambaa mpaka alipokuwa, nikaufunga kwa mkanda wa sketi yangu, nikaushikilia kwa mkono wangu mzima mpaka gari likaja. Waliukata juu kidogo ya kifundo cha mkono. Yu hai. Hakuna aliyekufa. Naandika sentensi hiyo na inanipa aibu, kwa sababu jana nilimwona anatafuta sindano kwenye shuka kwa mkono ambao haupo.

Kuhusu mama. Nilipoisoma sehemu ile niliiweka barua chini nikaosha vyombo vyote, hata visafi. Nilikuhifadhia kiti mbele siku ile. Kilikaa kitupu, nami nikakaa karibu nacho nikiamini ni mimi niliyekifanya kitupu. Hilo bado sijaweza kukusamehe. Nitajaribu, lakini si wiki hii.

Dada yako


29 Aprili

Kwa Mhandisi,

Anayeandika ni dada yako, anayesema ni mimi. Amekubali kuandika kila neno, hata asilolipenda.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona miaka ishirini na mbili. Mkono wa kushoto naujua kwa kushikilia kitambaa tu. Sasa naufundisha kushika kijiko, na ni mzito wa kuelewa.

Watu wanakuja hapa wodini wananiambia nikulaani. Wengine wananiambia nikusamehe kwa kuwa uliandika. Naona wote wana haraka. Barua yako ilitutoa watu hamsini na sita, hilo nalijua, niliwahesabu. Na kama ungeiandika miaka tisa mapema, nisingehitaji kuwahesabu. Hilo nalo nalijua. Yote mawili yamelala hapa na mimi.

Sitaki zawadi wala usinitumie mtu. Njoo wewe. Usimame mbele yetu useme kwa mdomo, maana karatasi zako ni mbili na zilisema mambo mawili. Na ukija, nina swali moja. Sitalituma kwa barua ukapata muda wa kulipigia hesabu.

Fundi cherehani wa Matundu

(Dada yako anauliza niongeze salamu. Nimekataa.)


11 Juni, mahabusu

Dada,

Unajua nilivyokuja, ulikuwepo. Unajua nilisimama kwenye ukumbi wa shule nikasema yote mbele yao, na kwamba wakili wa mwenye jengo alinyanyua karatasi yangu ya miaka tisa iliyopita akasema mteja wake alimwamini mtaalamu. Alikuwa sahihi kwa hilo. Unajua askari walinisubiri mlangoni, na kwamba wewe ulinifunga kifungo cha shati kabla sijapanda gari. Nimekuwa nikikifikiria kifungo hicho.

Usilolijua ni swali la fundi, kwa sababu aliniuliza pembeni, wewe ukiwa unaongea na mpelelezi. Alinisogelea na ule mkono mtupu wa gauni uliokunjwa kwa pini akasema, "Mengine mangapi?"

Nikasema, "Hakuna mengine."

Alinitazama kama alivyokuwa akikutazama wewe anaposhona. Akasema, "Haya," akaondoka.

Siku nne nimelala na hiyo "haya." Dada, kuna jengo la pili. Ni ngazi ya nje ya shule ya msingi ya nyuma ya kituo cha zimamoto, ile ya zege inayopanda mpaka madarasa ya juu. Ilikuwa mwaka uleule, kabla ya Matundu. Nondo za kwenye kibaraza cha kati ziliwekwa chini badala ya juu, kunakopasuka kwanza. Niliziona kabla zege halijamwagwa. Fundi mkuu alikuwa mtu mzima, aliyenifundisha kazi, nikaona haya kumsahihisha mbele ya vibarua wake. Nikasaini. Sikukuambia kwa maneno kwamba bimu ndiyo kosa langu pekee, lakini nilikuacha uelewe hivyo. Nimekuwa na tabia hiyo.

Leo asubuhi nimemwambia mpelelezi. Ameandika, nimesaini, amesema itapelekwa kwa wahusika. Lakini mimi na wewe tumeona karatasi zinavyotembea katika mji huu, na shule zinafunguliwa keshokutwa.

Nenda. Najua mguu wako ukiwa umechoka unakokota, na ni mwendo wa dakika arobaini kwako. Chukua mtu. Kama fundi atakubali, mchukue yeye. Mwambie kwanza kwamba nilimdanganya, umwambie hivyohivyo, usinilainishie. Mkifika ombeni kuonana na mwalimu mkuu, wasiwazuie getini. Angalieni upande wa juu wa kibaraza, pale kinapokutana na ukuta. Kama kuna ufa mrefu ulionyooka, afunge ngazi leo kwa kamba, kwa madawati, kwa chochote. Kama hakuna ufa, afunge vilevile.

Usinijibu kabla hujaenda.

Rula